Kanda alizoacha John Coltrane, na waliobaki nazo nyumbani

JUMATANO ya Machi 6, 1963, John Coltrane na wenzake watatu waliingia studio ya Rudy Van Gelder huko Englewood Cliffs, jimbo la New Jersey, Marekani. Walipiga muziki kwa saa kadhaa, kisha wakarudi New York kuwahi kazi ya usiku katika klabu ya Birdland. Coltrane aliondoka na nakala moja ya kanda ili akaisikilize nyumbani. Nyumbani wakati huo kulikuwa Queens, alikoishi na mkewe, Naima.

Mwaka ule haukuisha wakiwa pamoja. Coltrane alihama, akaanza maisha mapya na Alice McLeod, mpiga piano kutoka Detroit. Kanda haikuhama naye. Nakala mama iliyokuwa mikononi mwa kampuni ya Impulse! nayo haikuonekana tena. Inaelezwa kwamba mwanzoni mwa miaka ya 1970 kanda nyingi zilitupwa ili kupunguza gharama za ghala. Kazi ya siku ile ya mmoja wa wapuliza saksafoni wakubwa wa karne iliyopita ikabaki kwenye boksi la nyumbani, kwa mwanamke aliyeachwa.

Katika nyumba nyingi, ndoa ikivunjika, vitu vya mume ndivyo vya kwanza kutolewa nje. Shati litachomwa, picha itachanwa. Naima na watu wake hawakufanya hivyo. Juni 29, 2018, miaka 55 baada ya siku ile, kanda yao ilitolewa kwa jina la Both Directions at Once, na ikaingia nafasi ya 21 katika orodha ya albamu zinazouzwa zaidi Marekani. Coltrane hakuwahi kufika juu hivyo alipokuwa hai.

Wapenzi wa jazi hupenda kubishana kuhusu matoleo mapya: lipi lina sauti safi, lipi limeharibiwa na mafundi, kampuni gani inauza kitu kilekile mara ya tano kwa jalada jipya. Kwa Coltrane ubishi huo huishia mlangoni kwa familia. Sehemu ya muziki wake tunaoupata leo ilipitia mikononi mwa mke wa kwanza, mke wa pili na mtoto wa kiume, na kila mmoja aliushika kwa namna yake.

Jazi inayozungumzwa hapa si ile ya majina ya bendi zetu. Morogoro Jazz, Western Jazz na NUTA Jazz walipiga dansi, na neno Jazz lilikuwa pambo la jina. Coltrane, aliyezaliwa Septemba 23, 1926 katika mji mdogo wa Hamlet, North Carolina, alipiga jazi ya Marekani, muziki ambao mpigaji hupewa wimbo mfupi kisha anaachiwa nafasi ya kuufungua, kuuzungusha na kuurudisha. Hata hivyo alitutazama. Mwaka 1958, miaka mitatu kabla ya uhuru wetu, alishiriki katika albamu ya mpuliza tarumbeta Wilbur Harden iliyoitwa Tanganyika Strut.

Mke aliyebeba kinasa sauti

Jina la kuzaliwa la Naima ni Juanita Grubbs. Alisilimu na kuchukua jina ambalo katika pwani yetu halihitaji kufafanuliwa. Shina lake la Kiarabu ndilo lililotupa neno neema. Coltrane alimuoa mwaka 1955 na kuwa baba wa kambo wa binti yake, Saida.

Ndoa ile ilianza katika hali ngumu. Coltrane alikuwa mtumiaji wa heroini na mlevi, na mwaka 1957 Miles Davis alimfukuza katika bendi. Alirudi Philadelphia na kuamua kuacha vyote viwili kwa mkupuo, bila hospitali, huku mkewe na mama yake wakimhudumia. Miaka saba baadaye, katika maandishi yaliyofuatana na albamu ya A Love Supreme, aliutaja mwaka huo kuwa ndio alioamka kiroho. Albamu hiyo imeandikiwa vitabu vizima. Wale wanawake wawili waliokaa naye nyumbani hutajwa kwa sentensi moja, wakitajwa.

Yeye mwenyewe hakuwasahau ndugu zake. Ukichukua albamu ya Giant Steps, iliyorekodiwa mwaka 1959, utakuta binamu yake Mary ana kibao chake, binti yake wa kambo ana chake, na mkewe ana chake. Kibao cha Naima ndicho kinachodumu. Ni cha polepole, besi inashikilia noti ileile kwa muda mrefu huku saksafoni ikipita juu yake bila haraka. Katika albamu ambayo sehemu kubwa inakimbia kwa kasi ya kuwatoa jasho wapiga piano, wimbo huo ni chumba kilichotulia.

Naima hakuwa mke wa kukaa nyumbani akingoja. Usiku wa Septemba 11, 1958 alikwenda katika klabu ya Five Spot, New York, akiwa na kinasa sauti cha kubebeka na kipaza sauti kimoja. Mumewe alikuwa akishika nafasi ya Johnny Griffin katika bendi ya Thelonious Monk. Mwaka uliotangulia Coltrane na Monk walikuwa wamepiga pamoja katika klabu hiyohiyo kwa miezi kadhaa, na waliowasikia waliendelea kusimulia, lakini kampuni za santuri hazikuwa zimerekodi usiku hata mmoja wa kipindi kile na kuutoa. Kanda ya Naima ilipotolewa na Blue Note mwaka 1993, watu walidhani ndiyo ile ya 1957 iliyotafutwa miaka yote. Baadaye ikabainika kuwa ni ya 1958.

Kulikuwa na kasoro nyingine. Katika toleo lile la kwanza kanda haikuzungushwa kwa kasi sahihi, hivyo muziki haukuwa katika noti zake. Ilibidi isahihishwe katika mkusanyiko wa kazi zote za Monk za Blue Note. Msikilizaji wa kawaida anaweza kuona hayo ni mambo ya wachambuzi tu, lakini ajaribu kupiga gitaa akifuatisha santuri ya namna hiyo. Atahangaika na nyuzi zake asipate noti. Upande wa kwanza wa Kind of Blue ya Miles Davis, ambamo Coltrane pia yumo, ulikuwa na ugonjwa huohuo. Mashine ya kurekodi ilikwenda polepole siku ile ya Machi 1959, kwa hiyo santuri ikatoka na sauti iliyopanda kidogo. Ilirekebishwa miaka ya 1990, baada ya watu kuwa wameizoea hivyo kwa zaidi ya miaka 30.

Kwa ubora wa sauti, kanda ya Naima haishindani na ile ya Monk na Coltrane katika ukumbi wa Carnegie Hall, Novemba 29, 1957, iliyogunduliwa mwaka 2005 katika Maktaba ya Bunge la Marekani. Mwenye fedha ya albamu moja tu anunue hiyo ya Carnegie Hall. Lakini kanda ya Carnegie Hall ilitengenezwa na wataalamu wa redio wenye vifaa vyao. Ile nyingine ilitengenezwa na mke aliyekaa mezani, akaona kwamba kinachotokea mbele yake kisipotee.

Kuna nini ndani ya kanda ya 1963?

Both Directions at Once ilipokelewa kama lulu iliyookotwa, na sifa nyingine zilipita kiasi. Ukweli ni kwamba si albamu kama zile ambazo Coltrane alizipanga mwenyewe wimbo kwa wimbo. Ni kazi ya siku moja studio. Impressions imepigwa mara nne ukihesabu toleo kubwa la diski mbili, nyimbo mbili hazina majina bali namba, na sauti ni ya mono. Kuna hata Vilia, kutoka tamthilia ya kuimbwa ya Franz Lehár iitwayo Mjane Mchangamfu. Coltrane aliishi miaka minne zaidi, na kama angetaka kuitoa alikuwa na muda.

Hata hivyo inafaa kusikilizwa. Slow Blues peke yake inatosha kulipia. Ni dakika 11 hivi za Coltrane akianza kwa kunong'ona na kuishia kwa kelele, McCoy Tyner kwenye piano akipita njia tofauti kabisa, Jimmy Garrison akishika besi na Elvin Jones akipiga dramu kama watu wawili. Hapo ndipo jina la albamu linapoeleweka. Coltrane aliwahi kumwambia Wayne Shorter juu ya kuanza sentensi katikati na kwenda pande zote mbili kwa wakati mmoja.

Na kama nyumbani kwako kuna wasioweza kuvumilia saksafoni ya namna hiyo, wawekee kilichorekodiwa kesho yake. Machi 7, 1963, katika studio ileile, kundi lilelile lilimpokea mwimbaji Johnny Hartman na kurekodi nyimbo sita za mapenzi, nusu saa tu kwa jumla. Nakala mama ya hiyo haikupotezwa na mtu. Bibi atasikiliza, na mtoto atalala.

Mjane na fidla zake

Kuna rekodi moja ambayo ukurasa wa familia hauwezi kuipita. Mei 28, 1966, Coltrane alirekodi moja kwa moja katika klabu ya Village Vanguard, New York. Alipiga Naima. Aliyekaa kwenye piano alikuwa Alice, mke wake wa pili na mama wa watoto wake. Ndiye anayeusindikiza wimbo wenye jina la mke wa kwanza, na anaupiga kwa mikono iliyojaa, hapunguzi kitu. Albamu inaitwa Live at the Village Vanguard Again! na bado inapatikana. Alice alikuwa akifikiria nini, kila msikilizaji atajibu kwa jinsi alivyoishi.

Mwaka mmoja na wiki kadhaa baadaye Coltrane alikuwa amekufa. Saratani ya ini ilimwondoa Julai 17, 1967 akiwa na miaka 40. Alice alikuwa na miaka 29, na watoto wanne wa kulea, mmoja wa ndoa yake ya kwanza na watatu wa Coltrane. Aliachiwa nyumba huko Dix Hills, Long Island, ambayo wakati huo tayari ilikuwa na kanda nyingi. Kilikuja pia kinubi. Coltrane alikuwa amekiagiza, kikafika nyumbani baada ya mazishi. Alice alijifunza, na katika albamu yake ya kwanza, A Monastic Trio ya mwaka 1968, kinubi hicho kinasikika. Mwenye kutaka kumjua asianze na mabishano yaliyomfuata, aanze na Journey in Satchidananda ya mwaka 1971. Kwa kipimo chochote ni miongoni mwa santuri nzuri za muongo ule.

Mabishano yalianza mwaka 1972. Alice alichukua vipande vya mumewe vilivyorekodiwa mwaka 1965 na 1966, akaandika muziki wa fidla na vyombo vingine vya nyuzi, akaongeza kinubi chake, besi ya Charlie Haden ikapigwa pia, na vyote vikawekwa juu ya kanda za marehemu. Albamu ikatoka kwa jina la Infinity, ikiwa na jina la John Coltrane kwenye jalada.

Wakosoaji wengi walikasirika. Hoja yao ilikuwa rahisi: marehemu hawezi kukubali wala kukataa. Alice alijibu kwa hoja ambayo mtu wa nje hana namna ya kuipinga. Waliomlaumu, alisema kwa maana yake, hawakuwapo chumbani. Yeye alikuwapo, na mumewe alimweleza jinsi muziki ule ungeweza kupokea sauti nyingine, zikiwemo nyuzi.

Hapo ndipo kila mwenye kurithi hukwama. Mjane anasema, marehemu aliniambia. Ndugu wanasema, tuonyeshe maandishi. Katika kesi ya Infinity ndugu walikuwa mashabiki, watu waliomjua Coltrane kwa tiketi na santuri, na walimhoji mjane kama shemeji wanavyomhoji mke wa kaka yao juu ya shamba. Ni vigumu kutoona kwamba watayarishaji wanaume waliokata, kubandika na kupanga upya kanda za wanamuziki miaka ile hawakupata ghadhabu ya namna hiyo.

Isitoshe, Coltrane mwenyewe hakuwa mgeni wa kuongeza sauti. Katika Living Space, moja ya vipande vya Infinity, alipiga saksafoni ya soprano kisha akapiga tena juu ya sauti yake mwenyewe mwanzoni mwa wimbo.

Hayo yote hayaifanyi Infinity kuwa albamu bora. Fidla katika Peace on Earth zinapanda pale ambapo saksafoni ilikuwa imeshasema, na msikilizaji anajikuta akiwa na vilio viwili kwa wakati mmoja. Katika Leo, kinyume chake, nyuzi zinachafuka pamoja na dramu na kipande kinapata uzito. Kosa la kweli lilikuwa dukani: mwaka 1972 mnunuzi hakuwa na njia ya kusikia Living Space bila fidla ili apime mwenyewe. Kampuni ilipoitoa ikiwa haijaongezwa kitu, pamoja na vipande vingine, katika albamu ya mwaka 1998 yenye jina hilohilo, sehemu kubwa ya hasira ilikosa pa kukaa. Mwenye kutaka ya mume alikuwa nayo, na ya mume na mke aliendelea kuwa nayo.

Kwa kampuni kuwa mlinzi mwaminifu kuliko wajane, rekodi yao haivutii. Juni 1, 2008 moto uliteketeza jengo la ghala katika eneo la Universal Studios, Hollywood. Mwaka 2019 gazeti la New York Times liliripoti kwamba nakala mama nyingi za Impulse!, zikiwemo za Coltrane, zilikuwamo. Kampuni ilipinga ukubwa wa hasara uliotajwa. Kwa vyovyote vile, kanda ya Machi 6 ingekuwa salama, kwa sababu ilikwishatupwa na kampuni na kutunzwa na mtalaka.

Mtoto anaondoa

Ravi, mtoto wa pili wa kiume wa John na Alice, hakuwa ametimiza miaka miwili baba yake alipofariki. Naye ni mpuliza saksafoni. Alimjua baba yake kama wanavyomjua wengine, kwa kuweka santuri na kusikiliza, ila yeye alizisikiliza katika nyumba ya mwenyewe. Ndiye aliyeshiriki kuandaa Both Directions at Once, yaani kanda iliyotunzwa na mke ambaye si mama yake.

Ravi alimshawishi mama yake arudi studio baada ya miaka mingi ya kukaa mbali na kampuni za santuri. Alice alikuwa ameshahamia California na kuwa kiongozi wa jumuiya ya kiroho yenye mizizi ya Kihindu, akijulikana kwa jina la Turiyasangitananda. Matunda yake ni albamu ya Translinear Light. Wakati wa kuiandaa, Ravi alikutana na kanda za Turiya Sings, kaseti ya mwaka 1982 ambayo mama yake aliwatengenezea wafuasi wake, akiimba mwenyewe nyimbo za ibada juu ya kinanda na fidla nzito. Miongoni mwazo kulikuwa na nakala isiyo na fidla: Alice na kinanda chake cha Wurlitzer, basi.

Alice alifariki Januari 12, 2007. Mwaka 2021 Ravi aliitoa ile nakala tupu kwa jina la Kirtan: Turiya Sings. Alieleza kwamba hivyo ndivyo alivyomsikia mama yake akiimba katika ibada, na kwamba bila mapambo mtu anamsikia alivyokuwa.

Kwa hiyo mama aliongeza fidla kwenye kanda za mumewe, na mtoto akaondoa fidla kwenye kanda za mama. Kila mmoja alisema marehemu husikika vizuri zaidi hivi.

Safari hii pia kulikuwa na waliolalamika, ingawa kwa sauti ya chini. Waliokuwa na kaseti ya zamani waliipenda na fidla zake, na wapo waliouliza ni haki gani mtu anayo ya kupunguza alichoongeza mwenye kazi akiwa hai na akili zake timamu. Swali ni la haki. Safari hii hakuna anayeweza kusema Alice hakukubaliana na fidla; aliziweka mwenyewe.

Kirtan ni albamu nzuri mno. Sauti ya Alice ni ya chini, haina haraka, na kinanda kinapumua chini yake kama mtu aliyelala chumba cha pili. Ni ya kusikiliza alfajiri kabla watoto hawajaamka. Lakini anayeisikiliza ajue kwamba anasikia chaguo la mwanawe. Kirtan ilipotoka mwaka 2021, Turiya Sings aliyoitoa Alice mwenyewe, na fidla zake zote, ilikuwa bado inasubiri toleo lake jipya. Wenye kuijua waliendelea kupeana nakala zilizotolewa kwenye kaseti za mwaka 1982.